Chuo na shule: vinagongana wapi hasa, na saa za mtoto zipangwe vipi?

Kibaraza anauliza:

Asalam aleikum wanajamvi. Naomba wenye ujuzi wanisaidie, hasa walimu wa pande zote mbili.

Huku kwetu pwani mtoto akifika miaka 6 au 7 anakuwa na walimu wawili, wa shule na wa chuo (madrasa ya Kurani), ambao hawajawahi hata kuonana. Wa shule analalamika kwamba mtoto anakuja kachoka, anasinzia, na chuo kimemzoesha kukariri bila kufikiri. Ustadhi naye analalamika kwamba tangu aingie darasa la kwanza hifdhi (kuhifadhi Kurani) imelala, na jioni haonekani kwa sababu ya tuisheni. Mzazi anabaki katikati, na mwisho wake moja linaachwa. Mara nyingi linaloachwa ni chuo.

Nauliza mambo matatu. Kwanza, ugomvi wenyewe uko wapi hasa? Pili, kusoma chuo kabla ya shule kunamsaidia mtoto kujua kusoma au kunamchanganya? Tatu, mtoto ahifadhi kiasi gani kwa siku bila kuumia?

Maalim Ubao:

Waaleikum salaam. Nishike la kwanza.

Watu hudhani ni ugomvi wa dini na dunia. Ukikaa ukaangalia darasa moja la shule na chuo kimoja, utaona kinachogongana ni namna ya kwenda. Chuoni kila mtoto ana somo lake. Mkekani wamekaa 30, masomo ni 30: huyu bado yuko kwenye alifu, be, te, yule yuko sura ya Alam Tara, yule pale nyuma ameshaingia sura ya Tabaraka. Hakuna anayemsubiri mwenzake wala anayeburutwa. Zamani za ubao mwalimu aliandika mistari michache kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi, mtoto akaenda pembeni kuisoma kwa sauti, kisha akarudi kusikilizwa. Akikwama, anarudi pembeni na ubao uleule. Ubao hauoshwi mpaka asome moja kwa moja. Kuoshwa kwa ubao ndio ulikuwa mtihani, na ulifanyika kila siku, kwa mtoto mmoja mmoja. Siku hizi juzuu za kuchapwa, yaani vijitabu vya Kurani, zimechukua nafasi ya ubao, lakini kanuni ni ileile: hupandi mpaka umeshika.

Shule inaenda kwa kalenda. Kutoa kwa kukopa kumepangiwa wiki fulani, na wiki ikipita somo limepita, mtoto kashika au hakushika. Faida yake ni kwamba mwalimu mmoja anafundisha 45 kwa pamoja. Hasara yake ni kwamba aliyeachwa mwezi wa pili anazidi kuachwa hadi Novemba, na bado atapandishwa darasa.

Sasa, kinachoniuma ni kuona vyuo vingi vinaiga upande dhaifu wa shule. Watoto wanapangwa kwa umri, wote wanapewa sura moja, wote wanaitikia kwa pamoja kwa sauti kubwa. Ukipita nje unasifu. Ingia ndani umchukue mmoja, mfungulie ukurasa katikati ya sura, weka kidole juu ya neno na useme "soma hili". Wengi watakwama, kwa sababu wanajua wimbo wa sura, hawasomi herufi. Mtoto dhaifu amejificha ndani ya sauti za wenzake mwaka mzima na hakuna aliyemgundua.

Sababu ya kuiga inaeleweka. Hesabu yenyewe haina huruma: saa 2 za alasiri ni dakika 120, na kwa watoto 40 kila mmoja anapata dakika 3. Ndani ya dakika 3 usikilize la jana, umsahihishe, umpe la leo? Haiwezekani. Lakini chuo cha zamani kilikuwa na dawa yake, nayo ni khalifa, yaani mwanafunzi mkubwa anayemsaidia maalim. Makhalifa 4, kila mmoja na watoto 10, wanasikiliza la jana na murajaa, yaani kurudia yaliyokwishahifadhiwa. Maalim anabaki na kazi moja tu, kutoa somo jipya na kusahihisha matamshi. Masharti ni mawili. Khalifa awe mbele ya anaowasikiliza kwa juzuu nzima (sehemu 1 kati ya 30 za Kurani) au zaidi, na maalim kila siku awaite wawili kutoka kila kundi, bila kuwatangazia, awasikilize mwenyewe. Ukiacha hili la pili, ndani ya mwezi makhalifa wataanza kupitisha marafiki zao.

Chaki Nyeupe:

Mimi ni wa upande wa pili, madarasa ya chini. Nijibu swali la pili.

Chuo hakimchanganyi mtoto. Kinamletea shuleni akiba kubwa ambayo walimu wengi hatujui kuitumia. Mtoto aliyefundishwa kuhijai, yaani kusoma herufi moja moja pamoja na irabu zake, anajua tayari kwamba herufi ina sauti, na kwamba ukiitia irabu inageuka: be kwa fataha ni *ba*, kwa kasra ni *bi*, kwa dhuma ni *bu*. Hizo ni silabi, na Kiswahili husomwa kwa silabi. Mtoto wa namna hii ukimwanzishia majina ya herufi za Kiingereza, "ei, bii, sii", umemrudisha nyuma. Mpe *ba, bi, bu* za kilatini siku ya kwanza, anazitambua kwa sauti, kazi inabaki kuzoea umbo.

Pale anapokwama panajulikana, na pako sehemu nne.

Ya kwanza ni irabu. Chuoni ana tatu, Kiswahili kina tano. Kwa hiyo *e* na *o* ni ngeni, na atazisukuma kwenye *i* na *u*: "mtoto" anaandika *mtutu*, "leta" anaandika *lita*. Mwalimu asiyejua anadhani hasikii vizuri. Anasikia, ila mkono haujapata alama ya sauti hiyo. Wiki 2 za mazoezi ya jozi zinatosha: *lia/lea, kuku/koko, pita/peta*. Mwambie aseme kwanza, aonyeshe mdomo ulivyofunguka, ndipo aandike.

Ya pili ni herufi ambazo hakukutana nazo kwenye juzuu: *p, v, g, ch*. Zifundishe mapema, usizingoje mwisho wa alfabeti. Kwa upande mwingine, *th, dh* na *gh* zinazowasumbua wengine yeye anazitamka sawasawa. Mtumie kuwafundisha wenzake.

Ya tatu ni upande. Atafungua daftari kutoka nyuma na kuanzia ukingo wa kulia. Msimgombeze. Weka nukta nyekundu ukingo wa kushoto wa kila mstari kwa wiki 3 au 4, kisha nukta ya mstari wa kwanza tu, kisha ondoa. Ila kugeuza *b* kuwa *d* si kosa la chuo, watoto wote hupitia hapo, hata ambao hawajawahi kuona juzuu.

Ya nne ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, nayo ni tarakimu. Mtoto anayefuata namba za aya kwenye msahafu anajua kwamba duara ٥ ni tano. Shuleni duara ni sufuri. Nukta ٠ ndiyo sufuri aliyoizoea. Na ٦, ambayo ni sita, inafanana na saba ya shuleni. Kwa hiyo unakuta mtoto anajumlisha vizuri kabisa kichwani, kwenye karatasi anaandika 0 mahali pa 5, anapigwa kosa, na hajui kakosea nini. Dawa ni chati moja ukutani yenye safu mbili, ٠ hadi ٩ juu na 0 hadi 9 chini. Namba yenyewe, kwa mfano ١٥, huandikwa makumi kushoto na mamoja kulia kama 15 ya shuleni, kwa hiyo thamani ya nafasi haibadiliki. Mwonyeshe hilo, maana mtoto hudhani kila cha chuoni kinakwenda kinyume.

Kuhusu kusinzia, tusizungushe. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Anayeamshwa saa 11 alfajiri lazima awe amelala saa 2 usiku, na hapo anapata 9 tu, kiwango cha chini kabisa. Nyumba ambayo taa na televisheni vinazimwa saa 4 usiku haina haki ya kulaumu chuo wala shule.

Mvita wa Kale:

Maalim Ubao, nakubaliana nawe kuhusu namna ya kwenda, lakini naomba tusiiruke historia, kwa sababu ndiyo iliyowafanya walimu hawa wawili wasionane mpaka leo.

Shule za kwanza za kizungu pwani zilikuja na kanisa. Mmisheni Krapf alifika Mombasa 1844 na kituo cha Rabai kikaanza 1846. Wamisheni wa UMCA, shirika la Kianglikana, waliingia Unguja 1864. Freretown, karibu na Mombasa, ilianzishwa 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Kumpeleka mtoto huko kulikuwa na maana moja kwa mzazi Mwislamu, na hakukosea kuona hivyo. Serikali zilipofungua shule zisizo za kanisa, Wajerumani pale Tanga miaka ya 1890 na Waingereza Unguja mwanzoni mwa karne ya 20, hofu ilikuwa imeshakaa. Unguja ilibidi Kurani iingizwe kwenye ratiba ya shule za serikali ndipo wazazi walegee.

Jeraha la pili ni la hati. Watu wa pwani walikuwa wanaandikiana barua, wasia, hati za mashamba na tenzi kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Shule ikaja na herufi za kilatini, ofisi zikafuata, na mtu aliyekuwa msomi mtaani kwake akahesabiwa hajui kusoma. Kiswahili kiliposanifiwa baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, kilisanifiwa kwa herufi za kilatini. Maalim wa chuo alipoteza cheo chake hapo.

Na si kweli kwamba masheikh wote walikataa shule. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitumia gazeti lake la Al-Islah, lililoanza 1932, kuwahimiza Waislamu wachukue elimu ya dini na elimu ya zama pamoja. Mwaka 1951 Mombasa ikafunguliwa MIOME, taasisi ya ufundi kwa vijana wa Kiislamu, ambayo leo imekuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Kilichokuja kubana chuo kweli ni saa. Sheria ya elimu ya Tanzania ya 1978 ilimlazimisha mtoto wa miaka 7 hadi 13 kuwa shuleni. Kenya iliondoa ada ya msingi 2003 na madarasa yakafurika. Hilo ni jema, lakini asubuhi ikawa ya shule moja kwa moja, chuo kikasukumwa alasiri. Kisha tuisheni ikaingia alasiri. Unguja na Pemba kuna shule za mikondo miwili, wengine asubuhi na wengine mchana, na mtoto akihamishiwa mkondo wa mchana ratiba yake yote ya chuo inavunjika kwa siku moja.

Na kuna jambo dogo ambalo nalo humchosha mtoto mno. Chuo kwa desturi hupumzika Alhamisi na Ijumaa. Shule inapumzika Jumamosi na Jumapili. Hesabu wenyewe: mtoto wa chuo na shule hana hata siku moja kwa wiki asiyoitwa na mwalimu. Chuo kinachoweza kuiacha Jumapili, na Alhamisi kikasoma saa 1 ya murajaa, kimemrudishia mtoto siku yake bila kupoteza kitu.

Kibaraza:

Ahsanteni sana, Mungu awazidishie. Hilo la tarakimu sikuwahi kulisikia popote.

Niongeze swali. Tuseme mtoto ana miaka 9, yuko darasa la tatu, amehifadhi juzuu 6. Kila siku anapewa nusu ukurasa mpya na anaushika. Lakini ukimuuliza juzuu ya kwanza aliyohifadhi, anachanganya. Ustadhi anasema aongeze bidii. Bidii ipi tena?

Mlinzi wa Juzuu:

Ndugu Kibaraza, huyo hana upungufu wa bidii. Ana deni la murajaa, na linakua kila siku anapopewa somo jipya.

Tufanye hesabu kwa msahafu wa Madina, kurasa 604, mistari 15 kwa ukurasa. Juzuu moja ni kama kurasa 20. Juzuu 6 ni kurasa 120 hivi. Akipitia kurasa 6 kila siku, atakuwa amezimaliza zote kwa siku 20, kisha anaanza upya. Ukurasa mmoja kwa mwendo wa kawaida ni dakika 2, kwa hiyo kurasa 6 ni dakika 12, na pamoja na kusahihishwa zifanye 20. Hizo dakika 20 ziko wapi kwenye ratiba yake? Kwa wengi hazipo. Zilikuwepo alipokuwa na juzuu 1, kwa sababu murajaa yake yote ilikuwa dakika 40 na aliweza kuigawa siku 3. Mzigo umeongezeka mara 6, muda umebaki uleule, na shule imeongeza kazi za nyumbani.

Kwa hiyo fanya hivi. Simamisha somo jipya kabisa kwa siku 20. Ustadhi atakataa, mwonyeshe hesabu. Siku hizo mtoto asome kurasa 6 kwa siku, na kila mahali anapokwama pawekwe alama ndogo ya penseli. Mzunguko ukiisha utaona alama zimekusanyika sehemu fulani, mara nyingi kwenye aya zinazofanana mwanzo na kutofautiana mwisho. Hizo zisomwe mbilimbili, pembeni kwa pembeni, mtoto ataje tofauti kwa mdomo wake. Kumrudisha asome sura nzima tena kwa sababu ya aya mbili ni kumchosha bure.

Baada ya hapo rudisha somo jipya, lakini mistari 5, theluthi ya ukurasa. Kwa siku 5 za wiki, mistari 5 inamaliza msahafu kwa miaka 7 hivi. Nusu ukurasa kwa siku ni karibu miaka 5, ukurasa mzima ni miaka 2 na miezi 4. Wazazi wanapenda hesabu hiyo ya mwisho. Kwa mtoto aliye shule ya kutwa, kila juzuu inayoongezwa kwa mwendo huo inasukuma nyingine nje.

Saa zenyewe: somo jipya alfajiri baada ya swala, dakika 25, kabla kichwa hakijaingia mambo mengine. Alasiri analisoma mbele ya ustadhi. Kati ya magharibi na isha ni murajaa tu, dakika 20, na mtu yeyote wa nyumbani anayejua kusoma msahafu anaweza kumsikiliza. Kazi ya shule ifanywe mchana akishakula na kupumzika kidogo, kabla ya kwenda chuo. Ikisogezwa baada ya isha, usingizi aliousema Chaki Nyeupe ndio unaoliwa.

Mwezi wa mitihani ya shule, somo jipya lisimame na murajaa ishuke hadi kurasa 3. Isifike sufuri. Wiki 4 bila murajaa zinakula kilichojengwa kwa miezi.

Ukuti:

Nafundisha wasichana jioni. Naomba nipinge kidogo, maana hapa wote mmekwepa lalamiko la mwalimu wa shule: kukariri bila kuelewa. Lalamiko hilo lina ukweli, na tukilikataa tunawadhulumu watoto.

Utaratibu wa zamani ulikuwa na hatua. Kwanza kusoma, kisha kuhitimu, kisha darsa za msikitini ambako maana ilifunguliwa, fikhi na lugha. Hatua ya kwanza peke yake haikukusudiwa kuwa elimu nzima. Siku hizi mtoto anahitimu akiwa na miaka 12, anaingia sekondari, na darsa hazioni tena. Amebaki na sauti bila maana, na wa kulaumiwa ni sisi tulioikata ngazi katikati.

Haihitaji saa mpya. Chagua sura fupi anazosalia kila siku, kuanzia Fatiha. Maneno 5 kwa wiki, maana yake kwa Kiswahili, na kila neno atafute Kiswahili kimelichukua wapi: *rehema* kwenye rahmani na rahimu, *ibada* kwenye na'budu. Fatiha inaisha ndani ya miezi 2. Mtoto akianza kutambua maneno, hata makosa ya kuhifadhi yanapungua, kwa sababu zile aya zinazofanana anazitofautisha kwa maana.

La pili ni bakora. Sitaki tulizunguke. Mtoto anayeogopa husoma haraka ili apite, anameza herufi za mwisho, na anajifunza kunong'ona pale asipojua. Mwalimu anadhani kashika. Akikosea, arudi mkekani, asome mahali hapo mara 3 akiangalia na mara 3 bila kuangalia, ndipo aje tena. Fimbo inampa mwalimu ukimya tu, na mtoto aliyenyamaza hasahihishiki.

Maalim Ubao:

Ukuti, umesema kweli, na hilo la ngazi kukatwa nalikubali lote.

Kwa Kibaraza, kabla hujamhamisha mtoto au kumwachisha, nenda chuoni ukae nusu saa. Hesabu watoto wangapi wamesikilizwa mmoja mmoja katika muda huo. Muulize maalim: somo la mtoto wangu jana lilikuwa lipi, na anakwama wapi? Akijibu bila kutafuta daftari, chuo hicho kinamjua mtoto wako. Nenda shule uulize hivyohivyo kuhusu hesabu na kusoma. Kisha waombe walimu hao wawili namba za simu na kila mmoja mpe ya mwenzake. Mwanzo wa muhula wapelekeane mambo mawili tu: tarehe za mitihani ya shule, na siku za khitma (kisomo cha kukamilisha Kurani) na maulidi ambazo mtoto atahitajika chuoni. Mengi ya yanayoitwa utoro huanzia kwenye tarehe ambazo upande mmoja haukuambiwa.